Mikono Isiyotii, Kelele Isiyovumilika: Tiba kwa Vitendo kwa Watu Wazima

Kuna watu wazima ambao tangu utotoni vitu huwaponyoka. Kikombe kinadondoka, vifungo vya shati vinakula dakika kumi, mwandiko hausomeki hata na mwenyewe. Nyumbani waliitwa wazembe, shuleni goigoi. Baadhi yao wana mzigo wa pili: redio ya jirani, mngurumo wa jenereta, lebo ya shati shingoni au harufu ya dagaa huwachosha kuliko kazi yenyewe.

Hali ya kwanza wataalamu huiita dispraksia, yaani ugumu wa kuratibu viungo unaoanza utotoni. Hukadiriwa kuwapata watoto 5 hadi 6 kati ya 100 wa umri wa shule ya msingi, na wengi wao huwa watu wazima nayo. Akili haina kasoro na misuli ina nguvu zake. Kinachosumbua ni ubongo kuupanga mwendo na kuurekebisha wakati mwendo wenyewe unaendelea. Hali ya pili ni ya milango ya fahamu: taarifa za sauti, mguso, mwanga na mizani zinapokewa kwa ukali kupita kiasi, au kwa unyonge kupita kiasi. Si kila mwenye moja ana nyingine, lakini hukutana mara nyingi, na mara nyingi tena pamoja na ADHD, yaani ugumu wa kutulia na kudumisha umakini.

Hatua zifuatazo ni zile ambazo mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani tiba ya kumsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku (hospitalini wengi husema OT tu), angekupitisha. Nyingi unaweza kuzianza nyumbani.

Kabla ya yote: je, ulikuwa hivi tangu mtoto?

Swali hili lisirukwe. Dispraksia haianzi ukiwa na miaka 35. Kama mikono ilikuwa mizuri na sasa imeharibika, nenda hospitali kwanza, usianze mazoezi. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, mdomo kwenda kombo au ulimi kuwa mzito ni dalili za kiharusi, na hapo kila dakika ina thamani. Kuyumba kunakokuja polepole kuna sababu nyingi: kisukari kilichodhuru neva za miguu, upungufu wa vitamini B12, pombe, tezi ya shingo, macho. Dawa nazo zimo. Fenitoini na karbamazepini, zote za kifafa, zikizidi mwilini humfanya mtu atembee kama mlevi. Sindano za streptomaisini zinaweza kuharibu sehemu ya sikio la ndani inayoshika mizani. Mwambie daktari kila dawa unayotumia au uliyowahi kutumia, na usiache dawa ya kifafa kwa uamuzi wako.

Kama jibu ni kwamba umekuwa hivi siku zote, na mama au shangazi anakumbuka ulivyochelewa kujifunga viatu, endelea.

Wiki ya kuandika

Chukua daftari. Kwa siku saba andika kila kazi iliyokushinda au kukuchosha kupita kawaida, na pembeni mambo manne: saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa umesimama au umekaa, na nini kilikuwa kikiendelea karibu nawe. "Nilimwaga chai" haikusaidii kitu. "Saa 12 asubuhi, nimesimama, sufuria ya lita 3 imejaa, watoto wanaongea nami, TV imewashwa" inakupa mambo matano ya kubadilisha.

Mwisho wa wiki chagua kazi tatu, si zaidi. Kila moja ipe alama 1 hadi 10 mara tatu: ina umuhimu gani kwako, unaifanya vizuri kiasi gani, na unaridhika kiasi gani na unavyoifanya. Kipimo hiki kilitengenezwa na wataalamu wa Kanada na kinatumika nchi nyingi. Alama ya utendaji au ya kuridhika ikipanda kwa 2 au zaidi, hapo kuna badiliko la maana. Usichague kazi kwa sababu mwenzio anaona aibu ukiifanya. Kama kuandika kwa mkono hakuna anayekudai, acha mwandiko wako ulivyo.

Fanya kazi yenyewe, si zoezi linalofanana nayo

Hapa ndipo watu wengi hupotezewa muda. Hupewa mpira wa kufinya, kusimama kwa mguu mmoja, kutunga shanga. Wanaimarika kwenye kufinya mpira, na kukata kitunguu kunabaki kugumu vilevile. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2019 kuhusu hali hii, ambayo yanawagusa watu wazima pia, yanaelekeza kwenye kufundisha shughuli halisi ambayo mtu anaihitaji. Kuna mbinu iliyoasisiwa Kanada na Helene Polatajko na Angela Mandich yenye maneno manne: Lengo, Mpango, Tenda, Kagua. Unasema unataka nini, unatunga mpango kwa maneno yako mwenyewe, unatenda, kisha unakagua mpango ulifanya kazi wapi na uliharibika wapi. Msaidizi anauliza maswali, hakuambii jibu.

Tuchukue kitunguu, kwa sababu ndicho kinachoonyesha kila kitu.

Kwetu wengi hukata kitunguu mkononi, kisu kikija kuelekea kidole gumba, bila kibao. Kwa mwenye dispraksia hiyo ndiyo njia ngumu kuliko zote: mikono miwili iko hewani, hakuna kinachoiegemeza, na nguvu ya kisu inapimwa kwa hisia ya ngozi ambayo kwake haimpi taarifa sahihi. Usijaribu kuiboresha. Iache.

Weka kibao cha kukatia juu ya meza, chini yake kitambaa kilicholowa na kukamuliwa ili kisiteleze. Uso wa kibao uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko chako. Ukiwa juu zaidi utainua mabega, na bega likipanda vidole hukakamaa. Simama miguu imeachana kwa upana wa nyonga, paja likigusa meza, au kaa kwenye kiti kirefu. Kisu kiwe na makali ya sentimita 15 hivi, na kiwe kikali kweli. Kisu butu kinadai nguvu, na nguvu isiyo na kipimo ndiyo inayokata vidole. Mpini ukiwa mwembamba, uzungushie ukanda wa tyubu ya baiskeli mpaka upate kipenyo cha sentimita 3 hivi, ufunge kwa uzi imara. Mpira hautelezi hata mkono ukiwa na maji.

Sasa kukata:

1. Kata ncha ya juu, mzizi uuache. Mzizi ndio unaoshika matabaka yasisambae.
2. Kisimamishe kitunguu kwa upande uliokatwa, upasue katikati kupitia mzizi.
3. Menya kila nusu. Ganda hutoka kirahisi zaidi kikishapasuliwa.
4. Laza nusu kwa uso bapa. Kuanzia hapa hakizunguki tena, na nusu ya hatari imekwisha.
5. Mkono unaoshika, kunja vidole kama makucha ya paka, gumba nyuma. Ubapa wa kisu uguse vifundo vya vidole, si ncha.
6. Sukuma kisu mbele na chini, ncha yake isiachane na kibao. Kata kuelekea mzizi bila kuufikia, kisha geuza nusu na ukate kwa kukingama.

Tunga maneno yako ya kujielekeza, machache, ya kusema kwa sauti: "pasua, laza, kunja, sukuma." Kusema kwa sauti kunashika mpangilio ambao mwili hauukumbuki wenyewe. Baada ya muda maneno yatahamia kichwani, kisha yatatoweka, nawe usiharakishe hilo.

Fanya dakika 10 kila siku, saa ileile, usiwe na njaa. Siku tatu za kwanza tumia tango au ndizi mbivu, kisha kitunguu, mwisho karoti na viazi. Dakika 10 kila siku zinafaa kuliko saa nzima ya Jumamosi: ukichoka utarudia makosa, na mwili hujifunza makosa nayo. Ukishazoea, badilisha makusudi: kisu kingine, meza nyingine, kitunguu kidogo. Ujuzi uliojifunzwa mahali pamoja tu hubaki hapohapo.

Kinachoharibika zaidi ni kushika kwa nguvu mno. Vifundo vikipauka, umebana. Kila baada ya vipande vitatu weka kisu chini, kunjua vidole, shika upya. Cha pili ni mazungumzo. Kwa wengi kukata ni kazi isiyohitaji akili. Kwako ni kazi inayoijaza akili yote, na swali moja tu linatosha kukukata kidole. Waambie wa nyumbani mapema, kwa upole: "Dada, nikimaliza kukata nitakusikiliza." Wakizoea hawatakuona una kiburi.

Kwa kukuna nazi, mbuzi unadai ukae chini, ubane, uzungushe na ukandamize kwa wakati mmoja. Sokoni kuna mashine. Hakuna tuzo ya kukuna kwa mkono.

Mengine ya nyumbani, kwa ufupi

Chai: usimimine kutoka sufuria. Ihamishie kwenye chupa ya chai au birika dogo ukitumia kata, kikombe kiwe juu ya sinia lenye kitambaa kilicholowa, mdomo wa birika uegemee ukingo wa kikombe, na ujaze theluthi mbili tu. Usishike kikombe hewani kwa mkono mwingine unapomimina.

Vifungo: anzia cha chini kabisa, unachokiona, upande juu. Au shati livuliwe na kuvaliwa vifungo vikiwa vimefungwa, ukifungua viwili vya juu tu. Viatu vya kamba vitiwe lastiki. Dera na kanzu havikusumbui, vivae bila kujieleza.

Simu: kutuma pesa ukiwa umesimama kwenye foleni ndiko kunakozalisha makosa. Weka simu mezani au kwenye paja, kuza maandishi kwenye mipangilio, bonyeza kwa kidole cha shahada badala ya gumba. Soma jina la mpokeaji kwa sauti kabla ya kuingiza namba ya siri.

Barabara: kukadiria kasi ya gari linalokuja ni jambo ambalo watu wenye dispraksia hukosea zaidi. Basi usiutegemee ukadiriaji huo. Vuka kwenye kivuko pamoja na watu wengine, na penye kisiwa katikati vuka nusu, simama, tazama upya. Bodaboda hupita kando ya gari lililosimama kukupisha, kwa hiyo chungulia kabla ya kulipita gari hilo. Ukijifunza udereva, tafuta gari la otomatiki. Klachi ni mguu mmoja zaidi wa kuratibu.

Kelele, mguso, mwanga

A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa Marekani, ndiye aliyeanzisha nadharia ya namna ubongo unavyounganisha taarifa za mwili. Mbali na milango mitano tunayoijua alitilia mkazo hisi mbili: mizani ya sikio la ndani, na hisi ya misuli na viungo inayokujulisha mkono uko wapi bila kuutazama. Winnie Dunn, naye Mmarekani, alionyesha kwamba watu hutofautiana kwa makundi manne: wasiosikia kichocheo mpaka kiwe kikubwa, wanaokitafuta, wanaokerwa nacho upesi, na wanaokikwepa. Unaweza kuwa wa kundi tofauti kwa kila hisi. Mtu aliyekerwa na honi asubuhi ndiye yuleyule asiyejua amejigonga mguu mpaka aone damu.

Rudi kwenye daftari. Kwa siku nyingine saba andika jinsi ulivyolemewa, 0 hadi 10, kila baada ya saa tatu. Utaona mambo mawili: kwamba mzigo hujilimbikiza, na kwamba kinachokulipua jioni mara nyingi si kikubwa kuliko vya asubuhi, kimekukuta tu umejaa. Jifunze dalili zako za 6: taya kukaza, pumzi kuwa fupi, kujibu watu kwa mkato. Hatua huchukuliwa kwenye 6. Kwenye 9 hakuna mbinu, kuna kuondoka tu.

Kazi nzito ya misuli huwatuliza wengi. Dakika 20 hivi kabla ya kwenda mahali pagumu chagua moja: beba vidumu viwili vya lita 5, kimoja kila mkono, na utembee dakika 3; au sukuma ukuta kwa viganja ukihesabu mpaka 10, mara tatu; au kanda unga wa chapati dakika 10. Ukandaji uutafutie meza ya chini kidogo kuliko ya kukatia, uzito wa mwili ufanye kazi badala ya vidole. Ukweli usemwe: utafiti kuhusu mbinu hizi kwa watu wazima bado ni mdogo, na utulivu wake haudumu siku nzima. Jipime mwenyewe kabla na baada. Alama isiposhuka katika wiki mbili, acha.

Mablanketi mazito yanatangazwa sana mtandaoni, kwa kawaida ya asilimia 10 ya uzito wa mwili. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari hilo ni adhabu. Mfuko wa mchele wa kilo 2 juu ya mapaja kwa dakika 15 unatoa mkandamizo bila joto. Mwenye shida ya kupumua, au asiyeweza kujiondolea uzito mwenyewe, asitumie blanketi hilo kabisa.

Vizibo vya masikio vya sponji havifanyi kazi vikichomekwa ovyo. Vizungushe kwa vidole vikavu mpaka viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza, shikilia nusu dakika mpaka vitanuke. Usivivae kuvuka barabara, wala kuendesha. Na usivivae kutwa: masikio yakizoea ukimya, sauti ya kawaida huanza kuwa kubwa zaidi. Miwani ya jua ndani ya nyumba ina kasoro hiyohiyo. Kofia yenye ukingo, au kuhamia kiti cha karibu na dirisha mbali na taa ya tyubu inayopepesa, inatosha mara nyingi.

Mahali usipoweza kupakwepa, paingie kwa ngazi. Soko ni mfano mzuri. Wiki ya kwanza nenda saa 1 asubuhi, watu wakiwa wachache, nunua kitu kimoja kwa muuzaji wa pembeni, toka. Wiki ya pili vitu vitatu. Wiki ya tatu sogea saa 3. Toka ukifika 6 hata kama hujamaliza orodha, na kamilisha siku nyingine. Kujilazimisha kubaki mpaka 9 "ili uzoee" hakukuzoezi. Kunaifundisha akili kwamba soko ni hatari. Kona ya samaki iwe ya mwisho, uelekee nje, si katikati ya safari.

Kwenye daladala au matatu kiti cha dirishani kinakupunguzia miguso ya upande mmoja, na kiti cha mbele kando ya dereva kinapunguza zaidi, isipokuwa spika ikiwa hapo. Usisubiri kuona kituo ukiwa umelemewa, sema mapema, "Konda, nashuka Mwenge, nishtue tukikaribia." Ukifika nyumbani jipe dakika 15 za chumba tulivu kabla ya mazungumzo au jiko. Hizo dakika ziandikwe kwenye ratiba kama kazi nyingine, kwa sababu zisipoandikwa zitachukuliwa.

Baada ya wiki sita

Rudia alama za kazi zako tatu bila kutazama za mwanzo. Iliyopanda kwa 2 iache iendelee yenyewe, weka kazi mpya mahali pake. Isiyopanda, badilisha mpango, si juhudi. Jiulize kwa mpangilio huu: naweza kubadilisha kifaa? Mahali? Saa? Mfuatano wa hatua? Naweza kumpa mtu mwingine? Mazoezi zaidi yawe jibu la mwisho. Maumivu ya viganja au vidole vinavyopinda nyuma kupita kawaida ni sababu ya kupunguza na kuonyesha mtaalamu, kwa kuwa wenye viungo legevu huumia kwa kubana.

Kumtafuta mtaalamu

Tanzania, wataalamu wa fani hii hufundishwa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi. Kenya, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ni mojawapo ya vyuo. Kwenye hospitali kubwa utawakuta zaidi upande wa watoto, wagonjwa wa akili na waliopata kiharusi, kwa hiyo mapokezi wanaweza kukushangaa mtu mzima usiye na jeraha. Omba rufaa kwa daktari, taja kazi unazoshindwa badala ya jina la ugonjwa: "Siwezi kukata chakula bila kujiumiza, nimeshaungua mara kadhaa" inaeleweka haraka kuliko "nina dispraksia." Muulize mtaalamu kama mtaifanyia mazoezi kazi yenyewe, mtapimaje maendeleo, na utafanya nini nyumbani kati ya miadi. Mbinu ya Lengo, Mpango, Tenda, Kagua kwa kawaida huhitaji vipindi kama 10, basi kubaliana nauli na siku mapema.

Nenda na daftari lako na video ya simu ya nusu dakika hadi dakika moja ukiifanya kazi jinsi unavyoifanya kila siku, si jinsi unavyotaka ionekane. Simu iwekwe kando kwa urefu wa meza, mikono na viwiko vionekane vyote. Uso si lazima.